Picha ya MRI safi, ubongo umezimika: kingamwili zinafanya nini kwenye sinapsi?

Swali: Shikamoo daktari. Mdogo wangu wa kike ana miaka 22. Miezi minne iliyopita alianza kuumwa kichwa na homa ndogo. Baada ya wiki moja akawa halali usiku, anasema kuna watu wanamfuata, kisha akapata degedege, na mwishowe akalazwa chumba cha wagonjwa mahututi akipumua kwa mashine. MRI ya kichwa ilikuwa safi, lakini maji ya uti wa mgongo yalionyesha kingamwili dhidi ya kipokezi cha NMDA. Aliondolewa uvimbe mdogo kwenye ovari, akapewa steroidi (dawa za kutuliza kinga ya mwili) na kusafishwa plazma, yaani maji ya damu, kwa mashine. Sasa anatembea na kula mwenyewe, ila siyo yule tunayemjua: anasahau, anakasirika upesi, usingizi umevurugika. Kama seli za ubongo wake hazijafa, ni kitu gani hasa kilimfikisha pale? Na kama kingamwili zimeshaondolewa, mbona hajarudi? Pia wodini tulimkuta mzee mmoja mwenye kingamwili za LGI1, mkono na uso vinamkakamaa ghafla mara nyingi kwa siku. Je, ni ugonjwa uleule?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu, na pole sana kwa kuuguza. Swali lako la kwanza ndilo lenye uzito kuliko yote, na likieleweka, hayo mengine mawili yanafunguka. Kwa hiyo nitakaa hapo kwa muda.

Seli mbili za neva hazigusani. Kati yao kuna mwanya uitwao sinapsi, wenye upana wa takriban nanomita 20. Unywele mmoja wa kichwani ni mnene mara elfu kadhaa kuliko mwanya huo. Seli inayotuma ujumbe humwaga kemikali kwenye mwanya, na seli ya upande wa pili huinasa kemikali hiyo kwa protini zilizochomoza kwenye utando wake. Protini hizo ndizo vipokezi. Kemikali inayotumika zaidi ubongoni kuamsha seli nyingine ni glutameti, na kimojawapo cha vipokezi vyake ni hiki cha NMDA kilichoandikwa kwenye majibu ya mdogo wako.

Kipokezi hiki kina masharti mengi kuliko vingine. Kimeundwa kwa vipande vinne, na viwili kati yake ni vya aina iitwayo GluN1. Glutameti peke yake haikifungui. Lazima kemikali nyingine, glaisini, nayo ikae mahali pake. Hata zikikaa zote mbili, ndani ya njia yake kuna ioni ya magnesi iliyoziba kama kizibo cha chupa, na kizibo hicho hakitoki mpaka seli iwe imekwisha kuamshwa kwa njia nyingine, kwa kawaida kupitia kipokezi jirani kiitwacho AMPA. Masharti yote yakitimia, kalisi huingia ndani ya seli, na kuingia kwa kalisi ndiko kunakoifanya seli iuimarishe uhusiano wake na yule aliyetuma ujumbe. Maana yake ni kwamba kipokezi cha NMDA hutambua pale mambo mawili yanapotokea kwa pamoja, na kikikosekana, ubongo hauwezi kuweka kumbukumbu mpya inavyopaswa. Tutarudi hapo tukifika kwenye usahaulifu wake.

Sasa kingamwili. Ni protini ya ulinzi wa mwili yenye umbo la herufi Y, na mikono yake miwili ya juu hushika kitu cha aina moja. Kwa kawaida kitu hicho ni kipande cha kirusi au bakteria. Kwa mdogo wako ni GluN1, ile sehemu yake inayojitokeza nje ya seli. Kingamwili za ugonjwa huu kwa sehemu kubwa ni za kundi la IgG1, zenye uwezo wa kushika vipokezi viwili kwa mpigo na kuvifunga pamoja. Kuna protini jirani iitwayo EphB2 ambayo husaidia kukishikilia kipokezi mahali pake kwenye sinapsi. Kingamwili huuvunja mshiko huo, vipokezi vikateleza kando, kisha seli yenyewe ikavimeza. Tundu la ufunguo halikuzibwa. Mlango mzima umeng'olewa ukutani na kuingizwa ndani ya nyumba, na aliyeung'oa ni mwenye nyumba mwenyewe, kwa utaratibu uleule anaoutumia kila siku kuondoa protini kwenye utando wake.

Hilo limepimwa. Ugonjwa wenyewe ulielezwa mwaka 2007 na daktari wa neva Josep Dalmau na wenzake, kwa wagonjwa 12 tu, wote wanawake na wote wakiwa na uvimbe wa aina ya teratoma. Miaka mitatu baadaye lilifuata jaribio ambalo mimi naliona zuri kuliko yote katika taaluma hii. Watafiti walizikata kingamwili za wagonjwa wakabaki na mkono mmoja mmoja, wakaumwagia kwenye seli za neva zilizokuzwa maabara. Mkono mmoja ulikishika kipokezi sawasawa, lakini kipokezi hakikutoweka. Walipoongeza kingamwili nyingine iliyoiunganisha ile mikono miwili miwili, vipokezi vikaanza kumezwa. Kumbe kilicholeta madhara ni kule kufungwa kwa pamoja, kugusa peke yake hakutoshi. Katika majaribio hayo seli hazikufa, sinapsi hazikupungua, vipokezi vya AMPA vilibaki mahali pake. Kadiri kingamwili zilivyokuwa nyingi, ndivyo vipokezi vya NMDA vilivyopungua. Zilipoondolewa, vipokezi vikarudi ndani ya siku chache.

Mwaka 2015 kikundi cha Barcelona kilionyesha jambo hilohilo kwa panya wazima. Maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa yalitiririshwa polepole ndani ya ubongo wa panya kwa siku 14. Panya wakaanza kusahau vitu walivyokwisha kuviona, na baada ya mtiririko kukatwa, kumbukumbu ikarejea hatua kwa hatua. Mwaka huohuo ilibainika kwamba Knut, yule dubu mweupe wa bustani ya wanyama ya Berlin aliyepata degedege na kuzama majini mwaka 2011, alikuwa na kingamwili hizi hizi. Naitaja habari hiyo kwa sababu familia nyingi hujilaumu, zikitafuta ni neno gani, ugomvi gani au msongo gani uliomfikisha mtoto wao hapo. Dubu hakugombana na mtu.

Hapa lazima tukutane na kitendawili ambacho nadhani ndicho kiini cha swali lako. Kama kinachoondolewa ni kipokezi cha kuamsha, ubongo ungepaswa kupoa na kusinzia. Mbona mgonjwa anapiga kelele, halali siku nne, anapata degedege, mdomo na mikono vinacheza vyenyewe? Maelezo yanayokubalika zaidi ni haya: ubongoni zipo seli za breki, ambazo kazi yake ni kuzituliza seli nyingine, na nyingi kati ya seli hizo za breki hutegemea sana vipokezi vya NMDA ili zifanye kazi. Ukizinyang'anya, breki zinalegea kabla injini haijapungua nguvu. Ushahidi wa karibu tunao kutoka kwenye dawa: ketamini na fensaiklidini hufanya kazi kwa kuziba kipokezi hichohicho. Kwa kiasi kidogo huleta njozi, hofu na kujiona umetengana na mwili wako. Kwa kiasi kikubwa mtu hukakamaa, macho wazi, hasikii lolote. Ukiziweka dalili hizo kwa mfuatano, umeusimulia ugonjwa wa mdogo wako tangu wiki ya kwanza hadi chumba cha wagonjwa mahututi. Ndiyo maana wagonjwa walio wengi huanzia kwa madaktari wa magonjwa ya akili. Siwalaumu wenzangu hao, kwa sababu kwa siku za mwanzo hakuna jicho linaloweza kutofautisha. Linaloniuma ni pale degedege na kukakamaa vinapokuwa vimeshaonekana na bado hakuna aliyefikiria kupima maji ya uti wa mgongo.

Kilichomfikisha kwenye mashine ni kwamba vipokezi hivi havipo kwenye kumbukumbu tu. Mitandao ya ndani kabisa inayopanga pumzi, mapigo ya moyo, joto la mwili na shinikizo la damu nayo huvihitaji. Ikivurugika, moyo unaweza kwenda mbio kisha ukapunguza ghafla, na mgonjwa akasahau kupumua. Mtu anaweza kufa kwa ugonjwa huu huku seli zake nyingi za ubongo zikiwa hai. MRI hupiga picha ya maumbile ya ubongo: uvimbe, damu, makovu. Vipokezi vilivyoingia ndani ya seli haiwezi kuviona, na kwa zaidi ya nusu ya wagonjwa picha hutoka safi kama ilivyokuwa kwa mdogo wako.

Kuhusu chanzo nitapita haraka, maana kwake kimeshajulikana. Teratoma ni uvimbe unaoota tishu za kila namna, zikiwemo za neva zenye GluN1 ndani yake. Mfumo wa kinga ukizikuta huko ovarini, huzichukulia kama kitu kigeni na kutengeneza kingamwili. Ndiyo maana kuuondoa uvimbe ni sehemu ya tiba, hata ukiwa mdogo kiasi gani. Wapo wasio na uvimbe wowote, na wapo ambao ugonjwa huwaanza wiki chache baada ya kirusi cha hepesi kushambulia ubongo.

Tuje kwenye la pili: mbona hajarudi.

Kwanza, neno "zimeondolewa" linahitaji kusahihishwa. Kusafisha plazma huondoa kingamwili zilizo kwenye damu. Zilizo ndani ya ubongo hazipitii kwenye ile mashine. Zaidi ya hapo, baadhi ya seli zinazozitengeneza huhamia kwenye ubongo na utando wake, zikakaa huko na kuendelea na kazi. Seli hizo, ziitwazo seli za plazma, ni sugu: steroidi hazizimalizi, na hata rituksimabu, dawa ambayo huenda umeshasikia ikitajwa, haizigusi moja kwa moja. Yenyewe huua seli B, yaani mama zao, ili zisizaliwe nyingine, halafu zile zilizopo huisha kwa umri. Kingamwili za IgG nazo zikishatoka hukaa kwenye damu kwa wiki kadhaa; nusu yake hupotea kwa takriban wiki tatu. Kwa hiyo chanzo kinaweza kuwa kimeng'olewa na bado mto ukawa unatiririka.

Pili, kurudi kwa kipokezi na kurudi kwa mtu ni mambo mawili. Kwenye sahani ya maabara vipokezi hurejea kwa siku chache. Ila ubongo wa mdogo wako ulikaa majuma mengi bila ile kalisi inayoamua ni uhusiano upi uimarishwe na upi uachwe. Sinapsi zilizokuwa zinajipanga upya kila siku zilikaa bila mpangaji. Milango ikisharudishwa, bado mitandao inapaswa kujifunza tena kwa mazoezi, na kujifunza huko ndiko kunakochukua miezi.

Tatu, kupona kwa ugonjwa huu huwa na mpangilio, na mpangilio wenyewe ni kinyume cha ule wa kuugua. Vilivyoharibika mwisho hurudi mwanzo: pumzi na mapigo ya moyo hutulia, mwili huacha kucheza, mgonjwa hufungua macho, hufuata maelekezo, hutembea, husema. Vilivyoanza kuharibika hurudi mwisho: tabia, usingizi, subira, kupanga mambo, kumbukumbu. Ukiisoma upya barua yako utaona mdogo wako yuko mahali gani hasa. Yuko kwenye ngazi za mwisho za safari ya kurudi, na hizo ndizo ndefu kuliko zote. Katika utafiti wa wagonjwa 577 uliochapishwa mwaka 2013, wagonjwa waliendelea kupata nafuu hadi mwezi wa 18 tangu dalili zianze, na katika mwezi wa 24 asilimia 81 ya waliofuatiliwa walikuwa wamefikia hali nzuri. Yeye yuko mwezi wa nne. Sitakuficha kwamba "hali nzuri" kwenye utafiti ule ilimaanisha mtu anayeweza kujitunza, na baadhi yao hubaki na udhaifu wa kumbukumbu au wa kuzingatia jambo, hasa waliochelewa kupata tiba. Lakini kumhukumu mgonjwa wa NMDA kwa miezi minne ni kumhukumu mapema mno.

Yule mzee wa wodini ana ugonjwa wa ukoo huohuo, ila si uleule. LGI1 si kipokezi. Ni protini ambayo seli huimwaga kwenye mwanya wa sinapsi, ikashikana na ADAM22 upande mmoja na ADAM23 upande wa pili, kama kamba inayofunga kingo mbili za mto. Kamba hiyo husaidia kuweka njia za potasiamu mahali pake kwa seli inayotuma, na vipokezi vya AMPA kwa seli inayopokea. Kabla ya mwaka 2010 sisi sote tuliamini kingamwili hizi zinashambulia njia za potasiamu zenyewe. Kumbe shabaha ilikuwa kamba.

Tofauti kubwa iko kwenye kingamwili. Za LGI1 kwa sehemu kubwa ni za kundi la IgG4, ambazo zina tabia ya pekee: hubadilishana nusu na kingamwili nyingine za kundi hilo. Matokeo yake, mkono mmoja hushika LGI1 na mkono wa pili umeelekea kitu kingine kabisa. Haziwezi kufunga viwili pamoja kama zinavyofanya zile za mdogo wako, na haziiti kwa nguvu zile protini za damu zinazotoboa seli. Zinachofanya ni kujipenyeza katikati na kuizuia LGI1 isimshike mwenzake. Kamba ikilegea, njia za potasiamu zinazoituliza seli baada ya kila ujumbe hupungua, na seli hurusha ujumbe hata pasipostahili. Ndiyo ule mkono na uso vinavyokakamaa kwa sekunde chache, wakati mwingine mara makumi kwa siku. Wengi wa wagonjwa hawa ni watu wazima waliopita miaka 50, sodiamu yao ya damu hushuka, na ile mikakamao mara nyingi haisikii dawa za kifafa lakini hutulia haraka kwa steroidi. Ukipata nafasi ya kuongea na familia yake, waambie ikitambuliwa mapema, kabla kumbukumbu haijaathirika, tiba inaweza kuokoa mengi.

Zipo nyingine nyingi, nitataja mbili tu. Kingamwili za kipokezi cha GABA-B hazikiondoi kipokezi; hukizuia kufanya kazi kikiwa palepale, na kwa kuwa hicho ni kipokezi cha kutuliza, kifafa hutawala. Karibu nusu ya wagonjwa hao hukutwa na saratani ya mapafu, hivyo kifua lazima kichunguzwe. Nyingine ni zile ziitwazo Hu, ambazo shabaha yake imo ndani ya kiini cha seli, mahali ambapo kingamwili haifiki. Hizo ni dalili tu ya moto. Wanaounguza ni seli T, askari wengine wa kinga ya mwili, nazo huua seli za neva. Kilichokufa hakirudi kwa dawa. Huenda mdogo wako asingekuwa anatembea leo kama majibu yake yangesomeka Hu, na ndiyo sababu siku ya majibu huwa naangalia kwanza shabaha iko nje ya seli au ndani.

Mkienda kliniki, muulizeni daktari wake mambo matatu. Je, tiba aliyopata imetosha, au anahitaji rituksimabu au siklofosfamaidi ili kuzuia seli B zisizalishe tena? Ovari zitachunguzwa tena lini, maana teratoma nyingine inaweza kuota? Na steroidi zitapunguzwa kwa ratiba gani, kwa sababu hazikatwi ghafla? Msikimbilie kurudia kipimo cha kingamwili kila mwezi. Kwa wengine hubaki zikionekana kwa kiwango fulani hata baada ya kupona, na namba hiyo huwaogopesha watu bure. Mgonjwa mwenyewe ndiye kipimo bora: wekeni daftari, andikeni kila wiki amelala saa ngapi, ameweza kufanya nini ambacho wiki iliyopita hakukiweza, nini kimemkasirisha. Hasira zake msizichukue kama dharau. Ni seli za breki ambazo bado zinarudishiwa milango yake.

Katika ule utafiti wa 2013, ugonjwa ulirudi kwa takriban asilimia 12 ya wagonjwa ndani ya miaka miwili, na mara nyingi ulirudi ukiwa mwepesi kuliko mara ya kwanza. Kwa hiyo mkiona amekosa usingizi kabisa siku mbili tatu mfululizo, ameanza tena kusema anafuatwa, maneno yanampotea ghafla, mdomo unacheza, au amepata degedege hata moja, msingoje tarehe ya kliniki. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, mkiwa na majibu ya maji ya uti wa mgongo mkononi, ili atakayempokea asianze kutafuta upya.